Ukarabati wa Uwanja wa Amahoro

Ukarabati wa Uwanja wa Amahoro ni mradi wa serikali ya Rwanda uliofanyika kati ya mwaka 2022 na 2024 katika jiji la Kigali. Mradi huo uliupanua uwanja mkuu wa taifa kutoka nafasi za watazamaji 25,000 hadi 45,000, ukaweka paa juu ya majukwaa yote, na kuurudisha katika orodha ya viwanja vinavyokubaliwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) kwa mechi za kimataifa. Kazi ilifanywa na kampuni ya ujenzi ya Summa kutoka Uturuki. Uwanja ulizinduliwa upya tarehe 1 Julai 2024 na Rais Paul Kagame pamoja na rais wa CAF, Patrice Motsepe.

Amahoro si uwanja wa mpira pekee. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, maelfu ya watu walijificha ndani yake chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Baadaye palikuwa mahali pa kumbukumbu za kitaifa, sherehe za uhuru na ukombozi, na kuapishwa kwa rais. Kwa hiyo ukarabati wake uligusa michezo, matumizi ya fedha za umma na historia ya nchi kwa pamoja.

Jina na mahali

Neno amahoro ni la Kinyarwanda na maana yake ni amani. Neno hilohilo hutumika pia katika Kirundi, na nchini Burundi ni salamu ya kila siku. Uwanja uko Remera, katika wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa Kigali, si mbali na barabara inayoelekea uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kanombe.

Eneo la Remera limegeuka kuwa kitovu cha michezo cha jiji. Karibu na Amahoro kuna ukumbi mdogo wa michezo ya ndani unaojulikana kwa jina la Petit Stade, na vilevile BK Arena, ukumbi wenye nafasi za watu wapatao 10,000 uliofunguliwa mwaka 2019 na kutumika kwa mpira wa kikapu, matamasha na mikutano mikubwa. Mwezi Julai 2025 jengo la Zaria Court, lililoanzishwa na Masai Ujiri, lilifunguliwa karibu na viwanja hivyo.

Historia kabla ya ukarabati

Ujenzi wa kwanza

Uwanja wa Amahoro ulijengwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na China. Wakati huo nchi nyingi za Afrika zilipata viwanja vyao vikubwa kwa njia hiyo. Katika Afrika Mashariki mifano mingine ni Uwanja wa Amaan wa Zanzibar (1970), Uwanja wa Moi wa Kasarani jijini Nairobi (1987), Uwanja wa Mandela wa Namboole nchini Uganda (1997) na Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam (2007).

Majukwaa ya Amahoro yalikuwa ya zege na sehemu kubwa yalikuwa wazi. Watazamaji wa jukwaa kuu walipata kivuli, lakini wengine walikaa juani au kunyeshewa. Jambo hilo lilikuwa na uzito Kigali, kwa kuwa jiji hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, mmoja kuanzia Machi hadi Mei na mwingine kuanzia Septemba hadi Desemba.

Mwaka 1994

Baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, mauaji yalianza Kigali na kuenea nchi nzima. Kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda (UNAMIR), kilichoongozwa na Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kilikuwa na makao yake makuu katika hoteli iliyokuwa jirani na uwanja. Askari wa kikosi hicho kutoka Bangladesh walikuwa wamepiga kambi ndani ya uwanja wenyewe.

Watu waliokimbia nyumba zao, wengi wao Watutsi, walianza kuingia uwanjani siku za kwanza. Katika muda mfupi idadi yao ilifika takribani 12,000. Walilala kwenye majukwaa, kwenye korido na chini ya ngazi. Maji, chakula na dawa vilikuwa haba. Uwanja ulikuwa katika eneo la mapigano kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa RPF, na mwezi huohuo wa Aprili makombora yaliangukia ndani na kuua baadhi ya waliojificha.

Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO huko Kicukiro, ambako watu zaidi ya 2,000 walikuwa wamekimbilia. Baada ya askari kuondoka, kundi kubwa la watu hao lilianza safari kwa miguu likitaka kufika Amahoro, kwa kuwa askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa bado wapo pale. Walizuiliwa njiani, wakapelekwa kwenye kilima cha Nyanza ya Kicukiro na kuuawa. Leo pale Nyanza kuna makaburi na eneo la kumbukumbu.

Tarehe 21 Aprili 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 912 lililopunguza kikosi cha UNAMIR hadi askari 270. Jenerali Dallaire na naibu wake Henry Anyidoho wa Ghana walibaki Kigali na askari wachache, wengi wao kutoka Ghana. Wengi wa waliokuwa ndani ya uwanja waliokoka. Haikuwa hivyo katika viwanja vyote vya michezo vya Rwanda: katika Uwanja wa Gatwaro mjini Kibuye, maelfu ya watu waliokusanyika wakidhani wangepata usalama waliuawa mwezi huohuo.

Kigali ilichukuliwa na RPF tarehe 4 Julai 1994. Tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Ukombozi, na maadhimisho yake yamefanyika Amahoro mara nyingi.

Mpira wa miguu na shughuli za taifa

Baada ya vita uwanja ulirudia kazi yake ya michezo. Mechi inayokumbukwa zaidi ilichezwa mwezi Julai 2003, Rwanda ilipoifunga Ghana 1-0 kwa bao la Jimmy Gatete. Ushindi huo uliipeleka timu ya taifa, Amavubi, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 nchini Tunisia. Hadi sasa ni mara pekee Rwanda imefuzu kwa fainali hizo.

Amahoro ulipokea pia mashindano ya bara zima:
- Kombe la Vijana la Afrika chini ya miaka 20 la mwaka 2009, ambalo Ghana ilishinda.
- Kombe la Afrika chini ya miaka 17 la mwaka 2011. Rwanda ilifika fainali na kufungwa 2-1 na Burkina Faso, lakini ilipata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la umri huo nchini Meksiko.
- Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ndani (CHAN) la mwaka 2016. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitwaa kombe kwa kuifunga Mali 3-0 katika fainali.

Nje ya michezo, Rais Kagame aliapishwa hapo baada ya chaguzi za 2003, 2010 na 2017. Kila Aprili watu walikusanyika uwanjani kwa mkesha wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, unaojulikana kwa jina la Kwibuka. Mwaka 2014, katika kumbukumbu ya miaka 20, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon alihudhuria.

Sababu za ukarabati

Kanuni za CAF

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2020 CAF ilianza kukagua viwanja kwa ukali zaidi na kukataa vile visivyofikia kiwango. Wakaguzi hawatazami nyasi peke yake. Uwanja wa mechi za kimataifa unatakiwa kuwa na:
- eneo la kuchezea lenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68;
- kiti cha mtu mmoja mmoja chenye namba, badala ya ngazi za zege;
- taa zenye mwanga wa kutosha kwa mechi za usiku na picha za televisheni;
- vyumba vya kubadilishia nguo vya hadhi sawa kwa timu zote mbili, na chumba cha waamuzi;
- chumba cha matibabu na chumba cha kupima dawa zilizokatazwa michezoni;
- sehemu ya waandishi wa habari na ukumbi wa mikutano nao;
- milango ya kuhesabu watu, kamera za usalama na njia za dharura za kutokea.

Zaidi ya hayo, mji wenyeji unatakiwa kuwa na hoteli za kiwango fulani, hospitali na uwanja wa ndege ulio karibu kiasi.

Viwanja vingi vya Afrika vilivyojengwa kabla ya mwaka 2000 havikutimiza masharti hayo. Matokeo yake timu nyingi za taifa zililazimika kucheza mechi zao za nyumbani ugenini. Mwezi Juni 2024 Kenya ilizikaribisha Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi. Benin, iliyokuwa kundi moja na Rwanda, iliipokea Rwanda mjini Abidjan mwezi Oktoba 2024.

Rwanda bila uwanja

Rwanda ilionja shida hiyo kabla na wakati wa ujenzi. Tarehe 7 Juni 2022 Amavubi ilipaswa kuipokea Senegal katika mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwa kuwa hapakuwa na uwanja ulioidhinishwa nchini, mechi ya nyumbani ya Rwanda ilichezwa Diamniadio, karibu na Dakar, katika nchi ya wapinzani wao. Senegal ilishinda 1-0 kwa penalti ya Sadio Mané katika dakika za nyongeza. Uwanja uliotumika siku hiyo, ule wa Abdoulaye Wade, ulikuwa umefunguliwa Februari 2022 na ulijengwa na Summa, kampuni ileile iliyopewa kazi ya Amahoro.

Uwanja wa Huye, ulioko kusini mwa nchi takribani kilomita 130 kutoka Kigali, ulikarabatiwa ili kuziba pengo hilo. Una nafasi za watu wasiofika 10,000. Hata hivyo suala la hoteli lilileta utata mwezi Machi 2023, Rwanda ilipojiandaa kuikaribisha Benin. Mechi hiyo ilihamishiwa Kigali katika uwanja wa Nyamirambo, ambao wiki chache kabla ulikuwa umepewa jina la Pelé wakati wa Mkutano Mkuu wa FIFA, na ikachezwa bila watazamaji. Mwezi Novemba 2023 Rwanda ilicheza Huye mechi mbili za kufuzu Kombe la Dunia: sare ya 0-0 na Zimbabwe na ushindi wa 2-0 dhidi ya Afrika Kusini.

Kwa timu, kucheza mbali na nyumbani kunamaanisha gharama za safari na kukosa mapato ya viingilio. Kwa mashabiki kunamaanisha kuitazama timu yao kwenye televisheni hata pale inapoitwa mwenyeji.

Mradi

Fedha na mkandarasi

Mradi ulikuwa wa serikali kuu, chini ya wizara zinazohusika na miundombinu na michezo. Gharama iliyotajwa hadharani ni takribani dola za Marekani milioni 165. Ukigawanya kiasi hicho kwa viti 45,000, kila kiti kimegharimu karibu dola 3,700. Ukigawanya kwa watu wapatao milioni 13.2 waliohesabiwa katika sensa ya Rwanda ya 2022, ni dola 12 na senti 50 kwa kila mwananchi.

Summa haikuwa ngeni Kigali. Ndiyo iliyokamilisha Kituo cha Mikutano cha Kigali kilichofunguliwa mwaka 2016, na ndiyo iliyojenga BK Arena. Ujenzi wa Amahoro ulianza mwaka 2022 na ukachukua takribani miaka miwili.

Kazi zilizofanyika

Badala ya kujenga uwanja mpya nje ya jiji, serikali iliamua kuukarabati na kuupanua uliopo. Faida ya uamuzi huo ni kwamba barabara, usafiri wa umma na hoteli vilikuwa tayari karibu. Ugumu wake ni kwamba kazi ilifanyika katikati ya makazi na shughuli za mjini, na kwamba kwa muda wote huo taifa lilikosa uwanja wake mkuu.

Mabadiliko makubwa ni haya:
- Viti viliongezwa kwa 20,000, sawa na asilimia 80 ya idadi ya awali, na vyote ni vya mtu mmoja mmoja.
- Paa liliwekwa kuzunguka uwanja wote, hivyo kila mtazamaji amefunikwa.
- Taa, skrini kubwa na mifumo ya sauti iliwekwa upya.
- Vyumba vya wachezaji, waamuzi, madaktari na waandishi wa habari vilijengwa kwa kufuata masharti ya CAF na FIFA.
- Petit Stade na ukumbi wa michezo ya watu wenye ulemavu vilivyo jirani vilifanyiwa ukarabati pia.

Kufunguliwa upya

Kabla ya uzinduzi rasmi, uwanja ulijaribiwa tarehe 15 Juni 2024 kwa mechi kati ya APR na Rayon Sports, klabu mbili zenye wafuasi wengi zaidi nchini. Mechi iliisha 0-0. Lengo la jaribio la namna hiyo si matokeo, bali kuona jinsi milango, njia, vyoo na usalama vinavyofanya kazi uwanja unapokuwa umejaa.

Uzinduzi ulifanyika tarehe 1 Julai 2024, ukiambatana na siku ambayo Rwanda huadhimisha uhuru wake wa mwaka 1962. APR iliifunga Police 1-0. Siku tatu baadaye, tarehe 4 Julai, maadhimisho ya miaka 30 ya ukombozi yalifanyika uwanjani hapo. Tarehe 11 Agosti 2024 Rais Kagame aliapishwa hapo kwa muhula mwingine baada ya uchaguzi wa Julai.

Matumizi tangu 2024

Klabu za Rwanda zilianza kuutumia uwanja katika mashindano ya Afrika mara moja. Tarehe 24 Agosti 2024 APR iliitoa Azam ya Tanzania katika raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Azam ilikuwa imeshinda 1-0 Dar es Salaam, lakini APR ilishinda marudiano 2-0 Amahoro. Katika raundi iliyofuata APR ilitoka sare ya 1-1 na Pyramids ya Misri nyumbani, kisha ikafungwa 3-1 Kairo.

Timu ya taifa ilirudi Amahoro tarehe 10 Septemba 2024 kwa sare ya 0-0 na Nigeria. Mechi tatu za nyumbani za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025 zilikwenda hivi:

- 10 Septemba 2024: Rwanda 0-0 Nigeria
- 15 Oktoba 2024: Rwanda 2-1 Benin
- 14 Novemba 2024: Rwanda 0-1 Libya

Rwanda ilimaliza kundi kwa pointi 8 sawa na Benin, hata baada ya kuishinda Nigeria 2-1 ugenini siku ya mwisho. Benin ilisonga mbele kwa matokeo ya mechi zao mbili, kwa kuwa ilikuwa imeifunga Rwanda 3-0 Abidjan. Sare moja tu dhidi ya Libya, nyumbani katika uwanja mpya, ingetosha kuipa Rwanda pointi 9 na kuimaliza njaa ya miaka 20.

Katika kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2026, Rwanda ilifungwa 2-0 na Nigeria tarehe 21 Machi 2025 na kutoka sare ya 1-1 na Lesotho siku nne baadaye, zote Amahoro. Oktoba mwaka huohuo ilifungwa 1-0 na Benin hapohapo. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba uwanja unaoidhinishwa huondoa kikwazo kimoja, lakini hauchukui nafasi ya maandalizi ya wachezaji.

Hoja kuhusu matumizi ya fedha za umma

Miradi ya viwanja inayolipiwa na serikali huzua maswali yanayofanana kila mahali, na mradi wa Amahoro unaweza kupimwa kwa maswali hayohayo.

Hoja za kuunga mkono

Hoja ya kwanza ni kwamba timu ya taifa haiwezi kucheza nyumbani bila uwanja unaokubalika, na kwamba hakuna mwekezaji binafsi anayeweza kutarajiwa kujenga uwanja wa ukubwa huo katika nchi yenye ligi ndogo. Ya pili ni kwamba uwanja hutumika kwa mambo mengi ya taifa, kwa hiyo gharama yake haipaswi kubebwa na soka peke yake. Ya tatu inahusu mkakati wa Rwanda wa kuvutia mikutano na mashindano: nchi hiyo imepokea Mkutano Mkuu wa FIFA (2023), Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika tangu 2021 na Mashindano ya Dunia ya Baiskeli (2025). Kwa mtazamo huo, uwanja mkubwa ni sehemu ya biashara ya utalii.

Hoja za tahadhari

Kwa upande mwingine, wachumi waliochunguza viwanja vya Marekani na Ulaya kwa miongo kadhaa wamekuta mara nyingi kwamba viwanja havirudishi fedha za umma zilizowekwa. Mfano unaotajwa sana ni uwanja wa Manaus nchini Brazili, uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 2014 katika mji usiokuwa na klabu ya daraja la juu. Mwingine ni Uwanja wa Cape Town nchini Afrika Kusini, uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 2010 na ambao kwa miaka mingi uliligharimu jiji fedha za uendeshaji kuliko ulizoingiza.

Swali la msingi kwa Amahoro ni idadi ya siku ambazo uwanja utatumika. Mechi kati ya APR na Rayon Sports hujaza viti, lakini mechi za kawaida za ligi haziwezi kujaza uwanja wa watu 45,000. Kuna pia gharama zisizoonekana siku ya uzinduzi: umeme wa taa, utunzaji wa nyasi, usafi, ulinzi, na ubadilishaji wa vifaa vinavyochakaa. Viwanja kadhaa vya Afrika Mashariki vilifungwa au kukataliwa na CAF si kwa sababu vilijengwa vibaya, bali kwa sababu matengenezo yaliahirishwa mwaka hadi mwaka.

Uhusiano na miradi mingine ya Afrika Mashariki

Ukarabati wa Amahoro ulifanyika katika kipindi ambacho nchi jirani nazo zilikuwa zikitengeneza viwanja vyao. Uganda iliufunga Namboole na kucheza mechi za nyumbani nje ya nchi kwa muda, kisha ikarudi mwezi Juni 2024 kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Botswana. Zanzibar ilizindua upya Uwanja wa Amaan mwezi Desemba 2023. Kenya iliukarabati Kasarani, ambao tarehe 30 Agosti 2025 ulipokea fainali ya CHAN ambapo Morocco iliifunga Madagaska 3-2. Mashindano hayo yaliandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda.

Kuna tofauti moja muhimu. Kenya, Tanzania na Uganda zilikarabati viwanja zikiwa na tarehe za mashindano mbele yao, kwani zimepewa pia Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Rwanda ilijenga bila kuwa mwenyeji wa shindano kubwa la soka lililokwisha pangwa. Hilo liliondoa haraka ya kumaliza kabla ya siku fulani ya CAF, lakini pia linamaanisha kwamba matumizi ya uwanja yanategemea zaidi mechi za kila mwaka na shughuli za taifa.

Uwanja na kumbukumbu

Wakati ujenzi ukiendelea, kumbukumbu za kitaifa zilihamia kwingine. Tarehe 7 Aprili 2024, katika kumbukumbu ya miaka 30 ya mauaji ya kimbari, hafla kuu ilifanyika BK Arena, hatua chache kutoka Amahoro.

Uwanja uliofunguliwa Julai 2024 una sura tofauti kabisa na ule waliouona watu waliojificha ndani yake. Ngazi za zege zilizokuwa wazi sasa ni viti vilivyofunikwa. Mahali na jina, hata hivyo, havikubadilishwa. Wakati viwanja vingine vya Afrika hupewa majina ya viongozi au wachezaji, na hata uwanja wa Nyamirambo ukapewa jina la Pelé, uwanja wa Remera umebaki kuitwa Amahoro.

Tazama pia
- Kigali
- Mauaji ya kimbari ya Rwanda
- Timu ya taifa ya mpira wa miguu ya Rwanda
- Uwanja wa Benjamin Mkapa
- Uwanja wa Amaan